Wavu wa Samaki Kwenye Lambo la Mbulumbulu

Mbulumbulu,
Kwa mkono wa Misheni, Karatu.
22 Mei 1983, Jumapili ya Pentekoste.

Mpendwa mdogo wangu Patrisi,

Nakusalimu kwanza. Mama alitufundisha kwamba hata mwenye donge kooni huanza kwa kumjulia mwenzake hali, nami sitaki kumwaibisha mama kwa karatasi. Hujambo? Wifi yangu Antonia hajambo? Yule mdogo wenu kikohozi kimemwacha, au joto la Mtwara limemzidishia? Mchemshieni majani ya mpera, msingoje dawa za dukani ambazo siku hizi hazipo.

Sisi huku tunapumua. Mama anakunywa uji kidogo na kila akisikia gari barabarani anauliza kama ni wewe. Mvua bado inanyunya, maharage yametoa maua, ngano ya mlimani ni nzuri mwaka huu. Ya bondeni haipo. Shemeji yako Raphaeli anaamka, anakamua ng'ombe, anakaa kwenye gogo nje ya zizi mpaka jua linazama. Ukimsemesha anakuitikia vizuri tu, kisha basi.

Unisamehe kwa karatasi hii yenye mistari ya hesabu upande wa pili. Madaftari hayapatikani Karatu, nimechana katika daftari la maandalio la Evarista. Unajua alikuwa anafundisha darasa la pili, mwalimu wa UPE. Kuna kurasa nyingi zilizobaki tupu.

Hii ni barua yangu ya tatu tangu Pasaka. Ile ya kwanza uliijibu kwa simu ya maneno saba: POLENI SANA MSIBA KAZI NYINGI BARUA INAFUATA. Nimeyahesabu mara nyingi kuliko rozari. Na kweli barua ilifuata, ila haikufuata kwangu. Ilikwenda kwa Clemensi, mwenyekiti wa kamati ya lambo, naye akaisoma barazani mbele ya watu wote. Nitafika huko.

Sikiliza ninachotaka, nisikuzungushe. Tarehe 27 Juni, siku ya Jumatatu, Raphaeli atasimama mahakamani Karatu. Kamati imemshtaki kwamba yeye mlinzi wa lambo, kwa uzembe wake, alilivunja tuta na kusababisha kifo cha mtu. Mtu mwenyewe ni binti yake, Evarista wetu. Nataka uje siku hiyo useme ni nani aliyeweka wavu kwenye utoro wa lambo. Hilo tu. Mengine yote nitakayoandika hapa ni ya kukukumbusha, maana naona umeanza kusahau mapema.

Unakumbuka jinsi Raphaeli alivyolipata lile lambo? Mzungu wa ngano alipoondoka, na kijiji kilipolichukua, hakuna aliyetaka kulilinda. Ni yeye aliyekwenda kukaa kwa yule nyapara mzee wa mzungu, akafundishwa majuma mawili. Alirudi na mambo matatu tu kichwani: ng'ombe wasipande tuta, mti usiote juu ya tuta, na utoro usizibwe hata kwa jani. Utoro ni ule mfereji wa pembeni ambao maji yaliyozidi hutokea. Alikuwa akisema tuta la udongo haliogopi maji yaliyo ndani, linaogopa maji yatakayopita juu. Kila masika alikuwa anaingia mle na jembe na panga, anakwangua majani, anarudi amelowa hadi kifuani, nami namgombeza kwa kunichafulia nyumba. Miaka minane. Hakuna aliyemshukuru, maana lambo lisilovunjika halina habari.

Kisha zikaja perege. Sikatai, zilituletea raha. Sisi watu wa mlimani tulikuwa hatujui samaki zaidi ya dagaa wa gunia, mara tukaanza kuvua wetu. Jumapili baada ya misa watu wote wakawa wanaishia lamboni, na wa mjini nao wakasikia. Shaabani mwenye duka pale Karatu akawa anakuja na mkewe Mwamini na sufuria ya pilau na redio yake kubwa, Clemensi akatengeneza mashua ya mapipa manne na mbao, vijana wakawa wanacheza muziki juu ya tuta kwa sababu ndipo pakavu na ndipo panapoonekana. Raphaeli akiwaambia washuke, wanashuka. Akigeuka, wanapanda. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kuogelea, Patrisi. Tulikuwa tunayachezea maji kwa kuwa yalikuwa yametulia.

Halafu ukaja wewe kwa likizo ya Krismasi. Bwana samaki wa serikali! Kijiji kizima kilitembea nyuma yako siku ile, nami nilikuwa mbele yao wote, kifua nimekitoa. Clemensi akakuonyesha perege zinavyotoroka kwa utoro maji yakijaa. Akakuonyesha na mashua inavyokwama kwenye matete kwa sababu kina ni kifupi. Ukacheka. Ukasema hilo ni jambo dogo. Ukamwambia Shaabani alete ule wavu wa waya wa mabanda ya kuku, ukakunja suruali yako nzuri, ukaingia utoroni mwenyewe, ukapigilia nguzo tatu na kuufunga wavu. Chini yake ukawaonyesha vijana wapange mabonge ya nyasi hadi kimo cha goti, ili maji yapande na mashua ipite. Aliyekuwa anakupa misumari, mmoja mmoja, ni Evarista. Mjomba wake alikuwa amekuja, hakutaka mtu mwingine akushikie.

Raphaeli alikuambia. Sitaki mtu aniambie hakukuambia, nilikuwapo. Alisema, "Shemeji, nyasi na mabua ya masika yatanasa hapo. Maji yatakosa pa kutokea." Nawe ukamjibu mbele ya watu, tena kwa kicheko, "Shemeji, wewe linda ng'ombe wasipande tuta, samaki tuachie sisi tuliowasomea." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Mimi nami nilicheka. Nakuandikia hili kwa sababu sitaki uone kama najitakasa. Nilimcheka mume wangu kwa kuwa msomi aliyemjibu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Usiku sipati usingizi kwa kicheko kile kuliko kwa jambo jingine lolote.

Januari na Februari hazikuwa na mvua, wavu ukaonekana ni akili. Perege zikajaa. Clemensi akawa anasema kila mahali, "Bwana samaki wetu ametufanyia." Machi Raphaeli akaomba kamati aruhusiwe kuutoa wavu kabla ya masika. Wakamwambia wavu umewekwa na mtaalamu, mlinzi hawezi kutengua kazi ya mtaalamu. Akaomba tena. Wakamwambia akizidi watatafuta mlinzi mwingine.

Ijumaa Kuu mvua ilinyesha, Jumamosi ikanyesha, Pasaka yenyewe tukasali huku padri akipaza sauti kushinda mabati. Jumatatu ya Pasaka jua likatoka, na watu wote wakaenda lamboni kama kawaida. Raphaeli alikwenda kabla yao. Alikuta mabua ya mahindi na nyasi zimeushona ule wavu kama mkeka, na maji yamebakiza shubiri moja kufika juu ya tuta. Alimkimbilia Clemensi. Clemensi alikuwa ameahidi wageni wa Karatu kuwapandisha mashua, na maji hayajawahi kuwa mazuri vile. Alimjibu, "Ngoja wageni waondoke, jioni tutautoa pamoja." Jioni! Raphaeli hakungoja. Alishika jembe na koleo, akaingia utoroni peke yake, akaanza kukata waya na kung'oa yale mabonge ya nyasi ambayo wewe uliyapangisha vizuri sana, maana yaligoma kung'oka.

Sisi tulikuwa juu ya tuta, Patrisi. Mimi pia. Nilikuwa nimekaa karibu na Mwamini, mjamzito wa miezi minane, amewekewa kiti katikati ya tuta apate upepo. Evarista ndiye aliyeona kwanza. Pale ng'ombe walipozoea kupita kabla Raphaeli hajawazuia, tuta lilikuwa limebonyea kidogo, na maji yalianza kupita hapo, membamba tu, ungesema ni mtu amemwaga ndoo. Alipiga kelele za kidarasa, "Shukeni! Wote shukeni!" Akamshika Mwamini mkono, akamtembeza mpaka kwenye majani ya pembeni. Mimi nilikuwa nimeshashuka. Nilimwona amefika pakavu.

Kisha akarudi. Mashua ilikuwa katikati ya maji na watu watatu ndani yake, Clemensi mmoja wao, na ilikuwa imeanza kuvutwa kwenye ule mbonyeo huku wao wakidhani wanakwenda vizuri. Evarista akakimbia juu ya tuta, akaokota kamba iliyofungwa kwenye kigingi, akawatupia. Mara ya kwanza haikufika. Mara ya pili Clemensi akaidaka, wakajivuta hadi ukingoni. Ndipo udongo ukaondoka chini ya miguu yake. Haukutoa sauti kubwa. Raphaeli alitoka utoroni na jembe mkononi na hapakuwa na tuta tena, wala mtoto.

Tulimpata Jumatano, chini kwenye ngano, karibu na kalavati. Alikuwa bado ana kiatu kimoja. Sitaandika zaidi juu ya siku hiyo.

Yule kijana wa Rhotia, mchumba wake, alikuja akakaa nje ya ua siku nne. Tulikuwa tumepanga arusi baada ya mavuno. Alipoondoka alituachia shati lake la arusi, sijui kwa nini, nami sijui nilifanyie nini.

Tulipomzika, wazee walituweka metimani. Huko pwani huenda umeshasahau, basi nikukumbushe: nyumba iliyopigwa na kifo cha namna ile hukaa peke yake, haiazimi moto wala chumvi, ng'ombe wake hawachungwi na wa wengine, na watu wake hawaendi penye mkusanyiko mpaka wazee waseme imetosha. Sisi ni Wakatoliki, tunakomunika, lakini hilo hatujaliacha. Clemensi, ambaye miaka yote hutuhubiria kwamba mila za kale ni ujinga, safari hii alizijua vizuri kuliko wazee. Aliitisha baraza siku ya kumi na mbili, siku ambayo mimi na Raphaeli tusingeweza kukanyaga pale.

Yaliyosemwa nimeyapata kwa Mwamini. Yeye ni Mwislamu na mtu wa mjini, metimani haimfungi, alikuja kuniona na tumbo lake na kilo ya sukari ambayo najua amejinyima. Alilia kuliko mimi. Akaniambia kamati ilisema Raphaeli alionekana na jembe, kwa hiyo ndiye aliyelikata tuta. Akaniambia kuna bibi mmoja alisimama akasema msiba wa kujitakia hauna kilio, na watu wakamwitikia. Wa kujitakia! Kisha Clemensi akasoma barua yako. Mwamini aliikariri kwa sababu mumewe alikuwapo na aliirudia nyumbani. Ulisema, "Ushauri wangu ulikuwa wa jumla tu. Utekelezaji ulikuwa juu ya mlinzi."

Utekelezaji, Patrisi. Uliingia kwenye tope na suruali ya tetroni, ukapiga misumari kwa mkono wako, mpwa wako akakushikia kopo la misumari, na hilo leo linaitwa ushauri wa jumla. Ulikaa mezani ukalitafuta neno hilo. Laiti ungeandika kwamba unaogopa! Ningekuelewa. Mtu akiogopa ni mtu. Lakini neno lile si la mtu, ni la faili.

Na ni kweli unaogopa, sijifanyi sijui. Una kazi, una nyumba ya serikali, una watoto wanne, na wakuu wako wakisikia bwana samaki aliziba utoro wa lambo kwa wavu wa kuku watakuuliza. Watakuuliza, ndiyo. Pengine watakuhamisha, pengine watakufukuza. Mimi sikudanganyi kwamba itakuwa rahisi. Nakuambia tu kwamba wewe unao watoto wa kukuuliza utarudi lini, na Raphaeli hana tena wa kumuuliza hivyo.

Utasema waseme wengine waliokuwapo. Nani? Clemensi, ambaye anapumua leo kwa sababu ya kamba aliyotupiwa na Evarista, ndiye mshitaki. Hajapita mbele ya nyumba yetu tangu siku ile, huzunguka kwa nyuma ya kanisa. Wanakamati wengine wanasema walikuwa hawajui mambo ya wavu. Shaabani ni mtu mzuri, lakini tangu msako wa wahujumu uchumi uanze amefunga nusu ya duka na hataki jina lake liandikwe katika karatasi yoyote yenye mhuri, hata kama ni ya ubatizo. Amemkataza na mkewe. Mwamini aliniambia hilo akiwa ameinamisha uso.

Na Raphaeli mwenyewe hatasema. Hili ndilo lililonifanya nikae chini niandike mara ya tatu. Juma lililopita nilimwambia, "Siku ya mahakama utaje aliyeweka wavu." Akaniambia, "Mjomba wa marehemu hapelekwi mahakamani juu ya kaburi la mpwa wake. Sitalitaja jina lake." Nikamwambia atafungwa. Akasema, "Basi nifungwe." Nikamwambia wewe umeshamtaja yeye, kwa barua, mbele ya watu wote. Akasema, "Hilo ni lake." Huyo ndiye mtu uliyemwambia alinde ng'ombe.

Kwa hiyo unaona mwenyewe jinsi lilivyokaa. Yeye hawezi kukutaja kwa heshima, wengine hawataki kukutaja kwa woga. Umebaki wewe tu wa kujitaja. Ukianza safari tarehe 10, hata kama barabara ya kusini bado ni mbovu, utakuwa umefika. Kalale misheni kama unaona haya kulala kwangu. Chakula nitakuletea. Sitakusema, sitakuuliza kitu. Uje tu usimame useme, "Wavu niliuweka mimi, shemeji alinikataza." Hayo ni maneno machache kuliko ya simu yako.

Lambo sasa ni tope lililopasuka. Watoto walikuwa wakichimba perege zilizokwama na kuzichoma, sasa zimekwisha, hakuna anayetaka hata kusikia harufu ya samaki. Wanawake wanafuata maji mtoni na wakipita hapa wanaongea kwa sauti ili nisikie jinsi ndoo zilivyo nzito. Hilo nalo wanamtoza Raphaeli. Wazee walitutoa metimani wiki mbili zilizopita, wakatunyunyizia walichotunyunyizia, wakasema tumekuwa safi. Bado hakuna anayeleta ng'ombe wake wachungwe pamoja na wetu.

Mama hajui habari za wavu. Anadhani ni mvua tu. Jana aliniambia, "Patrisi akija, mwambie awatengenezee lambo jingine, yeye ana elimu." Nilitoka nje.

Sasa nafunga, mwanga unapungua na taa haina mafuta. Nisalimie Antonia, umwambie nampenda na hana kosa. Wasalimie watoto wote wanne, mmoja mmoja kwa jina. Mama anawaombea. Raphaeli naye alipoona naandika aliniambia nikusalimu, na nimeiandika salamu yake kama alivyoitoa. Mungu akulinde safarini, akupe na ulimi.

Jambo la mwisho, Patrisi, ulijue kabla halijatokea. Heshima ya ushemeji inamfunga Raphaeli, mimi hainifungi. Mimi ni mama wa marehemu na dada wa aliyeweka wavu, sina wa kumwonea haya kati ya hao wawili. Tarehe 27 nitakuwa nimekaa benchi la mbele. Wakiita shauri, nitageuka nitazame mlangoni mara moja. Ukiwa umeingia, nitanyamaza useme wewe, na jioni tutarudi nyumbani kwa mama pamoja. Usipokuwapo, nitasimama mimi, nitalitaja jina lako lote, lako na la baba yetu, na baada ya hapo mama atakuwa amebakiwa na mtoto mmoja.

Ni mimi dada yako niliyekupenda tangu nakubeba mgongoni, na ninayetaka kuendelea,

Lusia